Nilimwonea haya baba mdogo, nusura nirudi Bongo kwenye sanduku!

Hivi umeshawahi kushindwa kudai haki yako kwa sababu tu unayemdai ni mkubwa wako? Unamwangalia, unakumbuka alivyokupakata ukiwa mtoto, maneno yanaishia kooni. Mimi yamenikuta. Na haya hizo nusura zinirudishe Bongo kwenye sanduku, tena si lile la nguo.

Ngoja nianze mwanzo.

Nilitua London Septemba 2017 nikiwa na begi moja na jaketi la mtumba nililonunua Karume (nadhani lile jaketi lilifurahi kurudi kwao). Aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege ni mzee mmoja, jina lake naliweka kapuni. Enzi hizo, kabla hajazamia Mamtoni, alikuwa akicheza bao na marehemu baba pale Magomeni. Mimi namwita baba mdogo tangu sijui kufunga kamba za viatu.

Baba mdogo ana nyumba mashariki mwa London, zile nyumba za matofali za zamani zilizoshikana kama mabehewa ya treni. Yeye mwenyewe anaishi kwingine na familia yake, ile anapangisha vyumba. Juu kulikuwa na dada mmoja wa Tanga anayehudumia wazee, jamaa wa Ghana aliyekuwa akisoma, na mshikaji mwingine wa zamu za usiku ambaye tulikuwa tunamjua kwa viatu vyake tu. Mimi nikapewa chumba cha chini, kilichokuwa sebule.

Kodi pauni 400 kwa mwezi. Hakuna depoziti, hakuna mkataba, hakuna maswali. Anayeijua London atakwambia hiyo ni bei ya kutupa. Nikaona nimeula.

KITUNDU CHA BARIDI

Sasa kwa wale ambao hamjafika kule. Nyumba nyingi za Uingereza gesi haiji kwa mtungi, inaletwa kwa bomba kutoka barabarani kama sisi tunavyoletewa maji. Inapikia, na hasa inachemsha maji ndani ya kitu kinaitwa boila. Maji yale ya moto yanazunguka nyumba nzima kwenye mabomba ya chuma yaliyobandikwa ukutani, ndiyo mnapata joto. Bila hivyo Januari hamuimalizi.

Boila letu lilikuwa la kizamani. Lilijificha ndani ya ukuta wa chumba changu, nyuma ya hita ya gesi, pale ambapo zamani walikuwa wanakoka moto wa makaa. Moshi wake ulitakiwa kupanda juu kwa dohani hadi nje ya paa. Hewa ya kuuwasha moto ilikuwa inachukuliwa humo humo chumbani.

Na ndiyo maana ukutani, karibu na dirisha, palikuwa na kitundu chenye wavu. Mimi nitajuaje? Niliona kitundu kinapuliza baridi usiku kucha kama kimetumwa. Nikachukua fulana yangu kuukuu ya Simba, nikaikunja, nikaisokomeza humo, juu nikapiga solotepu. Nikajisifu kabisa. Nikasema hii ndiyo akili ya mtoto wa Magomeni!

Mwezi wa pili 2018 ikaja baridi ambayo magazeti ya kule yaliibatiza Mnyama kutoka Mashariki. Theluji mpaka mlangoni. Boila likawa halizimwi. Na kichwa changu nacho kikaanza.

Si maumivu ya mchezo. Naamka asubuhi kichwa kama kimepigwa mchi, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Mimi moja kwa moja nikajua malaria imenifuata. Nikanywa Panadol. Nikienda kazini, nikipanda basi, nikibeba maboksi yangu, mchana najisikia poa. Nikirudi nyumbani, nikioga, nikijitupa kitandani, kinaanza upya. Wikiendi ndiyo kasheshe, maana nashinda ndani.

Daktari akanipima, akaona ni mafua ya msimu, akaniambia nikapumzike nyumbani. Nikapumzika. Kadiri nilivyopumzika ndivyo nilivyozidi kuumwa.

MOTO WA NJANO

Aliyenishtua ni yule dada wa Tanga. Kazini kwao walishafundishwa mambo haya. Jioni moja kanikuta jikoni nimejiinamia, kaniuliza:

“Mdogo wangu, ukitoka nje kichwa kinaacha?”

“Kinaacha.”

“Ukirudi ndani kinarudi?”

“Kinarudi, dada.”

Akanyamaza. Kisha akasema, “Hebu nipeleke chumbani kwako.”

Akachuchumaa mbele ya hita, akachungulia. “Mbona huu moto wa njano?”

Msomaji, mimi nikacheka. Nikamwambia dada, kwani moto una rangi gani? Tangu nazaliwa naona moto ni wa njano.

“Wa kuni,” akanijibu. “Wa gesi unatakiwa uwe bluu, umesimama. Ukiona umelegea wa njano, na pembeni panashika masizi kama hapa, ujue hauwaki sawasawa.” Ndipo akanieleza. Gesi isipopata hewa ya kutosha inatoa sumu, wao wanaiita kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu ya gesi tunayoijua imewekwa makusudi ili ikivuja watu washtuke, lakini hii sumu inatokana na moto wenyewe, pua haiioni. Ukiivuta inakamata damu yako pale pale ambapo hewa safi inatakiwa ikae. Unaumwa kichwa, unachoka, unalala. Wengine hawaamki.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulielewa. “Karatasi ya gesi ya nyumba hii umewahi kuiona?”

Nikadhani anaongelea makaratasi yale ya kuishi. Kumbe hapana. Kule, kwa sheria ya mwaka 1998, mwenye nyumba anayepangisha lazima kila baada ya miezi 12 alete fundi akague kila kifaa cha gesi alichoweka yeye, pamoja na njia za moshi. Tena si fundi yeyote. Ni lazima awe ameandikishwa kwenye daftari la Gas Safe, lililochukua nafasi ya lile la zamani la CORGI mwaka 2009. Ana kitambulisho chenye picha, na nyuma yake kimeandikwa ni kazi gani anaruhusiwa kuzigusa. Anapima moto, msukumo wa gesi, hewa inaingiaje, moshi unatokaje. Akimaliza anaandika karatasi: kifaa gani, kiko wapi, kina kasoro gani, jina lake na sahihi yake. Mpangaji lazima apewe nakala ndani ya siku 28. Mpangaji mpya anapewa kabla hajaingia.

Na chumba cha kulala nacho kina sheria yake. Boila kubwa linalovuta hewa ya chumbani halitakiwi chumba ambacho mtu analala. Kwa hiyo sebule ile kugeuzwa chumba changu lilikuwa kosa tangu siku ya kwanza.

“Mpigie mzee wako simu,” dada akasema.

SHIKAMOO BABA MDOGO

Nikapiga.

“Shikamoo baba mdogo.”

“Marahaba mwanangu, hujambo?”

“Sijambo. Magoti yanaendeleaje na baridi hii?”

Tukaongea magoti. Tukaongea theluji. Tukaongea Yanga, maana yeye ni Yanga wa kufa. Akaniuliza mama anaendeleaje, nikasema salama. Tukaagana.

Dada kasimama mlangoni. “Umemwambia?”

“Nimemsalimia,” nikajibu.

Usinicheke. Huyu mtu alinipokea uwanja wa ndege usiku, akanipeleka kwake, mkewe akanipikia wali maharage wiki nzima nisijisikie mgeni. Sasa niende kumwambia lete karatasi, sheria inasema? Kwetu huko ni kumvua mtu kilemba.

Kesho yake dada akanisimamia hadi nikasema. Baba mdogo akawa kimya kidogo, halafu akaanza:

“Nani kawafundisha hayo? Mimi nimelala chumba hicho hicho miaka sita, nimekufa? Aje mtu na kalamu, aangalie dakika arobaini, anidai pauni themanini! Wanangu wa nyumbani nawapa vyumba bei ya bure, nanyi mnaniletea Uzungu.” Halafu akanimaliza: “Marehemu baba yako angekusikia.”

Nikaomba radhi. Ndiyo, niliomba radhi mimi.

Jumamosi akatuma jamaa na kisanduku cha spana. Dada wa Tanga akashuka ngazi, kajifunga kanga juu ya sweta. “Kaka, karibu. Kitambulisho chako cha gesi?” Jamaa akazuga, mara kakisahau kwenye gari, mara kinashughulikiwa. Akawasha hita, ikawaka. “Mnaona? Haina neno.” Akala kona.

Dada hakusema kitu. Akavaa buti, akaenda dukani, akarudi na king’ora kidogo cheupe cha kunusa hiyo sumu. Kilimgharimu kama pauni 20, pesa yake mwenyewe. Akakiweka chumbani kwangu.

USIKU WENYEWE

Jumatatu nimerudi kazini nimeganda. Nikafungulia joto hadi mwisho, nikapanda kitandani na jaketi langu. Kama saa mbili na nusu usiku nikawa katikati ya usingizi na kuamka, nasikia kitu kinalia kwa mbali. Niseme kweli, sikutaka kuinuka. Niliona bora kiendelee kulia. Usingizi ulikuwa mtamu ajabu.

Aliyeniinua ni dada. Aliingia, akazima hita na boila, akafungua dirisha, akanikokota hadi nje. Jamaa wa Ghana akabisha mlango wa yule mshikaji wa viatu, bahati alikuwa hajaondoka. Tukasimama wote kwenye theluji, mimi miguu mitupu, dada anapiga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999. Haina malipo, inapokewa usiku na mchana. Mama wa upande wa pili akamwuliza maswali kwa upole kabisa: mmetoka wote? Mmezima? Madirisha yako wazi? Msirudi ndani.

Haikufika saa moja gari lao likaja. Jamaa kaingia na kipimo chake, katoka, kafunga gesi kwenye mita. Kisha akarudi chumbani, akapapasa ukuta, akabandua solotepu yangu. Akaivuta ile fulana. Akatuuliza, “Nani kaweka hii?”

Kimya.

“Mimi,” nikasema.

Hakunifokea. Alinionyesha tu kitundu, akanionyesha hita, akanieleza kwamba moto ule na mimi tulikuwa tunagombania hewa moja. Dohani nayo ilikuwa imeziba, takataka na kiota cha ndege, moshi ukawa unarudi chini. Akabandika karatasi ya hatari kwenye boila, marufuku kuwasha. Hospitali wakanipima damu, wakanivisha barakoa ya oksijeni masaa kadhaa. Alfajiri kichwa kikawa chepesi, mara ya kwanza kwa wiki tatu.

Niliporudi nikamkuta baba mdogo kakaa kwenye ngazi, kofia mkononi. Ile fulana ya Simba ilikuwa sakafuni. Akaiokota kwa vidole viwili, hivi, kama panya aliyekufa. Siku nyingine ningecheka.

“Mwanangu,” akasema, “nilikuwa najua inatakiwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza nikasema mwakani. Mwakani nikasema mwakani tena. Ni miaka minne sasa.”

Mimi nikamwambia kuhusu kitundu. Tukabaki tunatazama sakafu, kila mtu na kosa lake. Lakini ndugu msomaji, makosa yale hayakuwa sawa. Mimi nilikuwa mjinga, yeye alikuwa anajua. Na hata ujinga wangu, fundi halali angekuja mara moja tu kwa mwaka angeikuta ile fulana, angenielimisha. Ndiyo kazi ya ukaguzi.

NASIKIA UMEMSHTAKI?

Dada wa Tanga alitaka aripotiwe. Alikuwa na haki. Kuna idara ya serikali ya usalama kazini inayoshughulikia wenye nyumba wa aina hiyo, na halmashauri ya mtaa pia. Faini yake haina kikomo, na jela ipo. Mimi nikamsihi ampe wiki mbili. Akanitazama sana, akasema, “Sawa, lakini hizo wiki mbili gesi haiwashwi, na wewe unalala chumbani kwa Mghana.” Mpaka leo sina hakika kama nilimsihi kwa haki au kwa woga wangu ule ule. Wapangaji wengine watatu nao walikuwa na roho zao, na hakuna aliyekuwa amecheza bao na baba yake.

Ndani ya wiki hizo mbili baba mdogo akang’oa lile jini. Boila jipya likafungwa jikoni, la kisasa, linavuta hewa kutoka nje na kutoa moshi huko huko nje. Lilimtoka zaidi ya pauni elfu mbili. Ukipiga hesabu, ni ukaguzi wa miaka ishirini na zaidi. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa friji.

Lakini kwangu mimi moyo ukawa mzito. Miezi miwili shikamoo zangu zilikuwa zinaitikiwa kwa ufupi. Halafu umbea ukavuka bahari. Mama akanipigia kutoka Magomeni:

“Wewe, nasikia umemshtaki baba yako mdogo kwa Wazungu?”

Nikamweleza yote, kuanzia kichwa hadi oksijeni. Mama kanyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, “Kwa hiyo ungekufa kwa adabu?”

Sikuwa na jibu.

“Sisi tungechangishana nauli ya maiti, yeye angelia kuliko wote, na karatasi bado isingekuwepo. Heshima si kunyamaza, mwanangu. Ungemwambia kwa adabu, lakini ungemwambia siku ya kwanza.”

Kesho yake mama alimpigia baba mdogo mwenyewe. Walichoongea siambiwi. Ninachojua, Jumapili iliyofuata nilialikwa wali maharage.

SASA WEWE

Najua kuna anayesema haya ni mambo ya Mamtoni, sisi Bongo yanatuhusu nini? Yanakuhusu kama una kaka au mpenzi kule. Mwambie aulize karatasi hiyo kabla ya kulipa kodi, hata kama mwenye nyumba ni shemeji. Aangalie tarehe isizidi miezi 12, asome kitambulisho cha fundi mbele na nyuma. Tangu Oktoba 1, 2022, kwa England mwenye nyumba lazima pia aweke king’ora katika chumba chenye boila la gesi. Jiko la kupikia tu halimo kwenye sheria hiyo, lakini kununua cha kwako si dhambi. Na asizibe kitundu!

Yanakuhusu pia hapa hapa. Sumu ile ile inatoka kwenye mkaa. Kila msimu wa baridi, huko kwenye mikoa ya milimani, tunasikia watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakafunga mlango na dirisha, asubuhi majirani wakavunja mlango. Wenyewe walikuwa wanalala tu, kama mimi nilivyotaka kulala. Na sasa kwa kuwa mitungi imeingia kila chumba cha kupanga, kumbuka gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini. Ukisikia harufu funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi wala kiberiti.

Ile nyumba nilihama mwaka 2021. Dada wa Tanga bado yupo, ndiye anayefungua mlango fundi akija, na sijasikia fundi aliyempita bila kuonyesha kitambulisho. Baba mdogo naye kila Februari ananitumia kwenye simu picha ya karatasi mpya, ina tarehe na sahihi. Haandiki kitu kingine. Mimi namjibu, “Shikamoo baba mdogo.” Naye anajibu, “Marahaba mwanangu. Na Simba wenu vipi?”

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Lakini usiku wa leo, kabla hujalala, chungulia jiko lako.